Mtoto Aliyevaa Sare



Wengi wetu katika jumuiya za Kiswahili hapa Marekani tulifika tukitoka kambi za wakimbizi: Nyarugusu mkoani Kigoma, Kakuma nchini Kenya, Nakivale nchini Uganda. Hatukuyaacha makwetu kwa kutafuta mali. Tuliukimbia mtutu wa bunduki. Basi mzazi wa namna hiyo akifungua mlango jioni na kumwona mwanawe wa miaka 15 amesimama kizingitini katika sare ya jeshi, viatu vyang'aa, mkononi karatasi inayongoja sahihi, moyo wake hushtuka. Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Naye mtoto haielewi hofu hiyo. Yeye ana furaha: amechaguliwa kuingia kikosi cha gwaride cha shule.

Tumeona inafaa kulizungumza jambo hili waziwazi, maana lagusa haki ya mtoto, haki ya mzazi na amani ya nyumba.

Jambo lenyewe

Katika shule nyingi za sekondari za serikali kuna mafunzo yajulikanayo kwa herufi JROTC, yaani mafunzo ya kijeshi kwa vijana walio bado shuleni. Yaliwekwa na sheria ya ulinzi ya mwaka 1916, wakati Ulaya ilikuwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1992, baada ya machafuko ya Los Angeles, Jenerali Colin Powell, aliyekuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, alihimiza mafunzo hayo yaenezwe katika shule za mijini, na idadi ya shule ikaongezeka sana. Leo yamo katika shule zaidi ya 3,000. Mwanafunzi huitwa kadeti. Wakufunzi wengi ni wanajeshi wastaafu, ambao mishahara yao hugharimiwa kwa pamoja na jeshi na wilaya ya shule.

Darasani makadeti hufundishwa uraia, uongozi, historia na afya. Lakini kinachowavuta watoto zaidi ni vikundi vya baada ya masomo. Kuna kikosi cha gwaride, kinachoshindana na shule nyingine kwa kwata. Kuna walinzi wa bendera, wanaotangulia na bendera ya taifa katika michezo na sherehe. Kuna kikundi cha kulenga shabaha kwa bunduki za upepo, umbali wa mita 10. Kuna kikundi kiitwacho Raiders, ambacho hushindana kukimbia, kubeba mizigo, kuvuka kwa kamba na kutoa huduma ya kwanza. Wako wanaojifunza kutafuta njia kwa ramani na dira, wanaoshindana kwa maswali ya elimu, na wanaoingia mashindano ya CyberPatriot, yaliyoanza mwaka 2009, ili kujifunza kuilinda mitambo ya kompyuta dhidi ya wavamizi.

Haki yadai tuyataje mema

Kuwa kadeti si kuandikwa jeshini, na hakuna sheria inayomlazimisha kijana kuwa askari kwa sababu aliwahi kucheza gwaride. Tena hatuna budi kukiri kwamba vikundi hivi humpa mtoto wa mgeni kitu anachokosa penginepo. Mtoto aliyefika juzi, ambaye darasani huchekwa kwa Kiingereza chake, hupata mahali ambapo kushoto ni kushoto kwa wote. Sare hupewa bila kulipa. Yuko mtu mzima anayemjua kwa jina, anayemwuliza alama zake, na anayemngoja kengele ya mwisho ikishalia. Mtoto hujifunza kufika kwa wakati na kumngoja mwenzake aliye nyuma.

Mwaka 2018, tarehe 14 Februari, watu 17 waliuawa kwa risasi katika shule moja ya sekondari mjini Parkland, jimbo la Florida. Watatu kati yao walikuwa makadeti. Mmoja wao, kijana wa miaka 15, aliwashikia wenzake mlango wapate kukimbia, naye akafa akiwa katika sare yake. Lakini kijana aliyewaua naye alikuwa kadeti wa shule hiyohiyo hapo awali, na alikuwa katika kikundi cha kulenga shabaha. Hatusemi kwamba kikundi kile ndicho kilichomfanya muuaji. Twasema kwamba sare peke yake haimjengi mtu wala haimbomoi, na kwamba gwaride haliwezi kushika nafasi ya malezi.

Yanayotutia wasiwasi

La kwanza ni hiari. Mwaka 2022 gazeti la New York Times lilichunguza na kuandika kwamba katika shule kadhaa wanafunzi waliingizwa katika mafunzo haya bila wao kuchagua, na wengine walipata shida kutoka. Nyingi za shule hizo ni za watoto wa maskini na wasio weupe. Hizo ndizo shule wanazosoma watoto wetu.

La pili ni usalama. Mwaka huohuo gazeti hilo liliandika kwamba katika muda wa miaka mitano wakufunzi wasiopungua 33 walishtakiwa kwa makosa ya jinai ya kuwadhulumu wanafunzi kijinsia. Wakufunzi ni maelfu, na wengi wao ni watu waadilifu. Hata hivyo mazoezi ya jioni na safari za mashindano ni nyakati ambazo mtoto huwa mbali na macho ya mzazi, na mtoto aliyefundishwa kutii amri huona vigumu kumkatalia mkubwa wake.

La tatu ni njia inayofunguliwa mbele yake. Kijana huweza kujiandikisha jeshini akiwa na miaka 17 kwa idhini ya mzazi, na aliyepitia ukadeti kwa miaka kadhaa huanza na cheo cha juu kidogo. Njia hiyo ni halali. Lakini mtoto wa nyumba isiyo na karo ya chuo akioneshwa mlango mmoja tu, hatuwezi kusema kwamba amechagua.

Kadeti na kadogo

Katika vita vya mwaka 1996 na 1997 nchini Kongo, watoto walibebeshwa bunduki, na watu wakawaita kadogo. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, katika hukumu yake ya kwanza kabisa, ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wenye umri chini ya miaka 15 huko Ituri. Wako miongoni mwetu waliozipoteza damu zao kwa njia hiyo. Kwa hiyo mzazi akiuliza tofauti ya kadeti na kadogo, asichekwe wala asiitwe mjinga.

Tofauti ipo, nayo ni kubwa. Kadogo alitwaliwa, akaacha shule, akapelekwa kuua na kuuawa. Kadeti yumo shuleni, hulala kwao, hapelekwi vitani. Marekani iliridhia mwaka 2002 itifaki ya Umoja wa Mataifa inayotaka askari walio chini ya miaka 18 wasishiriki moja kwa moja katika mapigano. Lakini tukitazama vema twaona kwamba nguzo mojawapo ya tofauti hiyo ni hiari ya mtoto na idhini ya mzazi. Mtoto akiingizwa bila kuulizwa, na mzazi akitia sahihi asichoweza kukisoma, nguzo hiyo imeanza kuliwa na mchwa.

Kanisa nalo halimfundishi kijana kwamba uaskari ni dhambi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulimtambua mwanajeshi mwema kuwa mtumishi wa usalama wa mataifa. Na papo hapo ukataka sheria ziwatendee kwa utu wale ambao dhamiri zao zakataa kushika silaha. Njia zote mbili zahitaji dhamiri iliyo huru.

Twashauri

Kwanza, mzazi asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Kila jumuiya ndogondogo iteue mtu mmoja anayesoma Kiingereza vizuri, wazazi wamwendee bila aibu.

Pili, mzazi aende shuleni aulize: Je, mwanangu alichagua mwenyewe? Akitaka kutoka, afanyeje? Ni kikundi kipi hasa? Nani huwasindikiza safarini? Kukubali kikundi cha ramani si kukubali kikundi cha bunduki.

Tatu, ijulikane kwamba kwa sheria ya elimu ya mwaka 2015 shule hutakiwa kuwapa maofisa waandikishaji wa jeshi majina, anwani na namba za simu za wanafunzi wa sekondari wakiziomba, isipokuwa mzazi ameandika kukataa. Barua fupi yatosha, nayo haimwondolei mtoto haki yoyote shuleni.

Nne, na hili ndilo zito, mtoto asikilizwe. Asipigwe marufuku kwa hasira, wala asiachwe kwa uchovu. Mzazi amsimulie aliyoyaona, hata kama ni mara ya kwanza kuyatamka. Mtoto amweleze mzazi anachokipenda katika kikosi chake. Huenda wote wawili wakalia. Na nyumba ile itakuwa imefanya amani kabla ya kuamua lolote.

Mwisho twageukia parokia zetu wenyewe. Tumesema kwamba kadeti hungojwa na mtu kengele ya mwisho ikilia. Je, sisi twamngoja wapi? Saa tisa alasiri kumbi zetu nyingi zimefungwa kwa kufuli. Twamwita kijana Jumapili kwa kwaya, kisha twamsahau siku sita. Samaki hukunjwa angali mbichi, na atakayekuwapo ndiye atakayemkunja. Hatuna haki ya kulilaumu jeshi kwa kuwapenda watoto wetu saa ambazo sisi tulikuwa hatupo. Tuutafute ufunguo wa ukumbi, tupange zamu, tuwafungulie.