Umeme wa Katanga na Zambia una hesabu moja. Kwa nini shaba isiwe nayo?

Koni, karibu na Likasi, inajulikana kwa kituo chake cha umeme kwenye mto Lufira, kinachofanya kazi tangu 1950. Katika miaka hiyo pia waya za umeme za Katanga ziliunganishwa na zile za Zambia. Umeme ukivuka mpaka, mita zinapima, pande zote mbili zinakubali hesabu ileile, ndipo malipo yanafanyika.

Kwa shaba na kobalti mambo ni mengine. Lori linalotoka Kolwezi na kupita Likasi hadi Kasumbalesa linaandikishwa kwenye duane ya Kongo (DGDA), kisha linaandikishwa tena upande wa Zambia. Ajabu ni kwamba idara zote mbili zinatumia programu ya aina moja, Sydonia World, iliyotengenezwa na CNUCED, shirika la Umoja wa Mataifa. Basi kompyuta si kizuizi kikubwa.

Kinachotakiwa ni mapatano. Nani ana haki ya kuona hati za mwenzake? Mzigo utafuatwa kwa namba gani moja hadi bandarini? Uzito ukitofautiana, nani atajibu?

Mfano uko karibu. Mwaka 2014, nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia eneo moja la forodha: mzigo wa Uganda unalipiwa ushuru ukiwa bado Mombasa. Kongo iliingia katika jumuiya hiyo mwaka 2022, na tena iko pamoja na Zambia ndani ya COMESA na SADC. Milango ya kuzungumza haikosekani.

Jambo hili linamgusa mkaaji wa Likasi mfukoni. Sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha: asilimia 25 kwa mkoa, asilimia 15 kwa mji au sekta yenye machimbo. Tani isiyohesabiwa inapunguza fungu la barabara, shule na maji.

Wengine wangependa kuunganisha pia majina na alama za vidole za wasafiri. Hapo haraka haifai. Kongo haijahesabu watu wake tangu 1984, na wengi bado wanatumia kadi ya mpiga kura kama kitambulisho. Sheria ya dijitali ya 2023 inalinda habari za mtu binafsi, lakini ulinzi huo lazima uonekane kwa vitendo kwanza.

Uzito wa lori hauna siri ya mtu. Tuanze na mzani: kinachosomwa upande huu wa Kasumbalesa kisomwe vilevile ng'ambo.