Malengo Mapya ya Dunia na Watu Wasiohesabiwa wa Kasulu na Kibondo

Septemba 2027 viongozi wa dunia watakutana katika Umoja wa Mataifa kuzungumzia maendeleo endelevu kuelekea 2030 na baada ya hapo. Hayo yalikubaliwa katika mapatano ya Septemba 2024. Kwa lugha nyepesi, hapo ndipo mjadala wa malengo mapya ya dunia utakapopata ruhusa rasmi, na anayeijua mikutano ya namna hiyo anafahamu kwamba mengi huwa yameshaandikwa kabla wajumbe hawajapanda ndege. Anayetaka hoja ya Kigoma isikike humo basi hana muda mrefu.

Tumeshaishi chini ya seti mbili za malengo. Malengo ya Milenia yalikuwa manane, yalitokana na azimio la Septemba 2000 na yakafikia ukomo wake 2015. Yakafuatwa na Malengo ya Maendeleo Endelevu, 17 kwa idadi, yenye shabaha 169. Sioni haja ya kurudia lawama kwamba malengo haya yaliandikwa na wageni na sisi tukaletewa. Ya kwanza yaliandikwa na wataalamu wachache, ni kweli. Ya pili yalijadiliwa na serikali zote, na mmoja wa wenyeviti wawili wa kamati iliyoyatunga alikuwa Balozi Macharia Kamau wa Kenya, akishirikiana na Csaba Kőrösi wa Hungaria. Ugomvi wangu na malengo haya uko kwingine. Yana tarakimu na yana tarehe, lakini hayana mahali.

Chukua mfano wa Nyarugusu, kambi iliyoko wilayani Kasulu. Ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita mashariki mwa Zaire ya wakati ule. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka 1997 alikuwa na miaka mitatu dunia ilipotangaza Malengo ya Milenia, alikuwa na miaka 18 yalipomaliza muda wake, na atakuwa na miaka 33 haya ya sasa yatakapofungwa. Maisha yake yote yamepita ndani ya ahadi mbili za kufuta umaskini uliokithiri. Katika taarifa za utekelezaji wa ahadi hizo hayumo.

Si kwamba hajahesabiwa. Pengine hakuna mkazi wa mkoa wa Kigoma anayehesabiwa mara nyingi kuliko mkimbizi: amesajiliwa, amechukuliwa alama za vidole, amepewa kadi ya mgao, amehakikiwa na kuhakikiwa tena. Lakini hesabu hiyo ni ya unga, maharage na mafuta. Inasema apewe kilo ngapi. Haisemi kama ni maskini kuliko mwaka jana.

Umaskini wetu tunaupima kwa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi. Ule wa 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, mstari uliowekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kambi hazimo katika picha hiyo. Mwaka 2020, baada ya malalamiko ya muda mrefu, Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliongeza kiashiria cha wakimbizi katika orodha ya malengo, namba 10.7.4. Nilipokisoma kwa makini nilishangaa. Kinapima ni sehemu gani ya watu wa nchi fulani wamekuwa wakimbizi, kwa kuangalia nchi walikotoka. Kwa hiyo mwanamke wa Nyarugusu anaingia katika safu ya Kongo, nchi ambayo huenda hajaiona tangu utotoni, na anaingia kama idadi tu. Anakula nini, mwanawe anasoma hadi darasa la ngapi, ana njia gani ya kujipatia kipato: hayo kiashiria hakiulizi.

Mwenyeji wake wa Kasulu au Kibondo naye hana cha kujivunia. Ramani ya umaskini iliyochorwa kwa kuunganisha utafiti wa 2011/12 na sensa ya 2012 iliiweka Kigoma kuwa mkoa maskini kuliko yote Tanzania Bara, asilimia 48.9, wakati wastani wa taifa ulikuwa 28.2. Huu ulikuwa ni mwaka 2012, na dunia ilikuwa imeshajipongeza: Benki ya Dunia ilitangaza mwaka huohuo kwamba shabaha ya kupunguza kwa nusu kiwango cha umaskini uliokithiri ilifikiwa 2010, miaka mitano kabla ya wakati. Ilifikiwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika China. Mkulima wa Kibondo alihesabiwa miongoni mwa washindi wa mbio ambazo hakushiriki.

Utafiti wa 2017/18 uliboreshwa, ukatoa takwimu za kila mkoa. Ni hatua, tena kubwa. Hata hivyo, mkoa wa Kigoma ni mji wa Ujiji ulio kando ya ziwa, ni mabwawa ya chumvi ya Uvinza, ni milima ya kahawa ya Buhigwe, na ni nyanda za Kibondo zinazopakana na Burundi. Namba moja haiwezi kuyasema yote hayo, na afisa mipango wa halmashauri anayeandika bajeti hawezi kuitumia kuamua kata ipi ianze.

Waha wana historia ndefu ya kupangiwa. Miaka ya 1930 watu wa Kibondo walihamishwa na kukusanywa kwa sababu ya malale. Baadaye vijana wa Kasulu na Kibondo wakasombwa kama manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, na kuanzia 1944 kazi hiyo ikawa na ofisi yake maalumu, SILABU. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, miongoni mwa za mwanzo katika uhamishaji wa watu vijijini. Kila mpango ulikuwa na lengo lake na takwimu zake, na lengo liliwekwa mahali pengine.

Ili nisionekane nakataa kila kitu, niseme kwamba baadhi ya shabaha zimefika. Oktoba 2022 majenereta ya dizeli yalizimwa Kasulu baada ya umeme wa gridi ya taifa kuwasili, na barabara ya kutoka Nyakanazi kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu, iliyokuwa mateso wakati wa masika, imekuwa ikijengwa kwa lami. Mambo hayo yanabadilisha maisha.

Lakini kuna jambo moja lililotokea huku ambalo linaonyesha kuliko nadharia yoyote kwa nini lengo lisilo na mahali halifai. Ni masoko ya pamoja.

Kwa miaka kadhaa wakimbizi na wanavijiji walikutana katika masoko ya kambini. Mwanakijiji alileta mihogo, ndizi, maharage, mawese na kuku. Mkimbizi alileta sehemu ya mgao wake, ufundi wa cherehani, nguvu za mikono. Mwishoni mwa 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi wa Nyarugusu fedha badala ya chakula, na fedha hizo hazikuwa na pa kwenda isipokuwa mifukoni mwa wakulima na wachuuzi wa Kasulu. Mpango ule ulisitishwa mwaka uliofuata. Mapema 2018 Tanzania ikajitoa katika Mpango Mpana wa Kushughulikia Wakimbizi wa Umoja wa Mataifa, kisha masoko ya pamoja yakafungwa.

Tafakari hapo, ndugu msomaji. Amri ya kufunga soko iligusa lengo la kwanza la umaskini, la pili la njaa, la tano la wanawake (maana wauzaji wengi ni wao) na la nane la kazi zenye staha, kwa siku moja, pande zote mbili za lango la kambi. Hakuna kiashiria hata kimoja kati ya vyote tunavyoripoti New York kilichotikisika. Tanzania iliwasilisha taarifa yake ya hiari Julai 2019, ikawasilisha nyingine 2023. Soko lililofungwa halikuwa na safu ya kuandikwa, kwa sababu taarifa inajazwa kwa wastani wa taifa, na wastani wa taifa haujui Nyarugusu iko wapi.

Na mazingira je? Huko ndiko mpaka kati ya kambi na kijiji unakofutika kabisa. Kuni za mkimbizi na kuni za mwenyeji zinatoka katika msitu mmoja. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Lakini ukimpa gesi mama wa Makere ukamwacha jirani yake wa kambini na mafiga matatu, msitu wa Makere utaendelea kuisha.

Serikali yetu ina utetezi wake, na wanaharakati hatuutendei haki tunapoupuuza. Ilizungumzia usalama, na anayeujua mpaka huu hawezi kucheka. Ilizungumzia pia fedha. Dirisha la Benki ya Dunia la kusaidia nchi zinazopokea wakimbizi lilitaka sehemu ya fedha ichukuliwe kama mkopo. Yaani Tanzania ikope ili kuhudumia watu waliokimbia vita ambavyo haikuvianzisha. Nchi tajiri ziliahidi mwaka 1970 kutoa asilimia 0.7 ya pato lao kama misaada, na nyingi hazijawahi kufika hapo. Mwaka 2023 mgao wa chakula kambini ulishushwa hadi nusu ya kiwango kinachopendekezwa kwa sababu wafadhili hawakuleta fedha. Lengo la 17 linaitwa la ushirikiano, na ndilo dhaifu kuliko yote: linataja ahadi bila kumtaja mdaiwa. Mimi sikubaliani na kufungwa kwa masoko, ila sioni ni kwa haki gani Kibondo ihukumiwe na wale walioshindwa kulipa sehemu yao.

Tena nchi hii ilishawahi kufanya vinginevyo, bila kusubiri malengo ya dunia. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima hadi wakajitegemea na kulipa kodi. Mwalimu Nyerere alitunukiwa Tuzo ya Nansen mwaka 1983. Baadaye watu wapatao 162,000 wa makazi hayo walipewa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa 2014. Sisemi Nyarugusu igeuzwe Katumba. Ardhi ya Kasulu ya leo si ile ya Mpanda ya miaka ya sabini, na wenyeji wenyewe wanaihitaji. Ninachosema ni kwamba mkimbizi aliwahi kuingia katika hesabu ya uchumi wetu kama mzalishaji. Sheria ya Wakimbizi ya 1998, inayomtaka akae katika eneo lililotengwa na asitoke bila kibali, ndiyo iliyomrudisha katika hesabu ya mgao.

Kwa hiyo malengo ya baada ya 2030 yaweje? Yawe machache. Viashiria zaidi ya 230 vya sasa vimezaa ajira nyingi za kuandika ripoti. Ningebadilisha 200 kati ya hivyo kwa 30 vinavyopimwa katika kila halmashauri, vikimhesabu kila anayelala katika halmashauri hiyo, awe na kitambulisho cha Taifa au kadi ya UNHCR. Uganda imeshaonyesha kuwa inawezekana. Mwaka 2018 Ofisi ya Takwimu ya huko na Benki ya Dunia waliwapima wakimbizi na wenyeji kwa utafiti mmoja na mstari mmoja wa umaskini. Wakakuta asilimia 46 ya wakimbizi ni maskini, dhidi ya 17 ya wenyeji. Takwimu chungu, lakini ni za kuanzia kazi. Na Kigoma haianzi kutoka sifuri. Mpango wa Pamoja wa Kigoma wa Umoja wa Mataifa, ulioanza 2017, ulianza kwa kutaja mkoa kabla ya kutaja sekta. Mantiki hiyo ndiyo ingepaswa kupelekwa New York.

Nimeshaambiwa na baadhi ya wanafunzi wangu kwamba hoja hii inapitwa na wakati, kwa kuwa Warundi wanarejeshwa kwao tangu Septemba 2017 na kambi zinafungwa. Ni kweli: Mtabila ilifungwa 2012, Mtendeli mwishoni mwa 2021. Lakini mtu akivuka mpaka akiwa maskini, umaskini umehamia safu nyingine tu. Na kambi inapofungwa, mwanakijiji aliyekuwa akitibiwa katika zahanati yake anapoteza zahanati. Wakati huohuo, mwaka 2023 Wakongo wapya kwa maelfu waliingia Kigoma wakikimbia mapigano ya Kivu. Huku magharibi watu wamekuwa wakija na kurudi tangu 1959. Kupanga kana kwamba safari hii ni ya mwisho ni kutokujua jiografia.

Dira ya 2050 ilizinduliwa Julai 2025 na sasa inateremshwa kuwa mipango ya halmashauri. Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, kazi ya kwanza haihitaji safari ya New York wala mshauri mwelekezi. Fungueni mpango wa halmashauri, ukurasa wa idadi ya watu, ule unaotumika kugawa dawa, visima na madarasa. Angalieni kama namba iliyoandikwa pale inawajumuisha wanaoishi ndani ya kambi. Kama haiwajumuishi, andikeni namba ya pili kando yake, kisha wapelekeeni madiwani zote mbili.