Anajua Jibu, Hajui Swali

Kila mwaka wa masomo tunapokea wenzetu kutoka Burundi na mashariki ya Kongo. Kiswahili wengi wao wanakimudu, ila sekondari walisoma kwa Kifaransa. Hapa wanakuta mihadhara na mitihani yote ni Kiingereza. Mmoja akipata sapu semesta ya kwanza, tunamwita kilaza. Mimi sikubaliani na hilo.

Chukua swali linaloanza na "Account for". Sisi tumelizoea tangu sekondari, tunajua linataka sababu. Aliyesoma kwa Kifaransa anaona neno la hesabu. Au "eventually": Kifaransa kina "éventuellement", linafanana nalo kabisa, kumbe maana yake ni "huenda". Hata namba zinachanganya, maana 3,5 ya kwao ndiyo 3.5 yetu. Na insha waliyofundishwa hupima upande huu, kisha upande ule, ndipo msimamo utokee mwishoni. Mhadhiri wetu anautaka msimamo aya ya kwanza. Asipouona, maksi zinapungua. Kilichofeli hapo si akili.

Dawa inayotajwa sana ni kozi ya Kiingereza cha jumla. Si mbaya, lakini haimwonyeshi mtu wa uhasibu au biolojia jinsi maswali ya somo lake yanavyojibiwa. Msaada uwe ndani ya somo lenyewe. Wahadhiri watoe slaidi kabla ya kipindi, orodha fupi ya istilahi, na majibu mawili ya mitihani iliyopita, la A na la C, waeleze tofauti yake.

Kuna watakaosema huko ni kudekeza. Hapana: mtihani ni ule ule, na usahihishaji ule ule. Tena sisi tuliosoma msingi kwa Kiswahili tutafaidika pia, tuache kujidai.

Serikali ya wanafunzi nayo iwapangie wenzetu hawa mtu wa mwaka wa pili wa kozi hiyo hiyo, kuanzia wiki ya kwanza, isingoje matokeo yatoke. Na kwenye diskasheni tulielewe jambo kwanza kwa Kiswahili, kisha tuliandike pamoja kwa Kiingereza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sawa, jembe tumeshawapa. Basi tuwaonyeshe na shamba linavyolimwa hapa.