Buibui jeusi na maji ya kisima
Buibui jeusi likifuliwa kwa maji ya kisima, Mombasa au Unguja, mara nyingi hukauka na utando mweupe. Kosa si la mfuaji: kalsiamu na magnesiamu zilizomo katika maji magumu hushikana na sabuni ya mche na kufanya mabaki yasiyoyeyuka.

Maji ya mvua hayana tabu hiyo.

Asiye nayo atumie sabuni ya unga, aikoroge mpaka iyeyuke kabisa ndipo atie nguo. Buibui ligeuzwe ndani nje na litengwe na taulo, kwani vinyuzi vya pamba huganda upesi kwenye kitambaa cheusi. Lianikwe kivulini lisipauke. Wafuaji wapunguze sabuni, tafadhali, na wasuuze hata mara tatu.