Aliyelipia Bando Hadaiwi Mara ya Pili

Kila mapato ya simu za sauti yanapotajwa kushuka, wachambuzi huibuka na kauli ileile: WhatsApp inakula bure kwenye minara ya wenyewe, basi itozwe. Kauli hiyo imeshaota mizizi hadi vijiweni, na ni upuuzi mtupu. Mama wa mtaa wa Dallas, hapa Embu, anayeongea na bintiye aliye Qatar hajapewa chochote cha bure. Amenunua bando kwa pesa zake, na kila dakika ya maongezi inalimega. Likiisha, simu inakatika hata salamu hazijamalizika. Mnara umekwisha kulipiwa. Anayetaka WhatsApp nayo ilipie anataka kuuza kitu kimoja mara mbili. Isitoshe, bando lenyewe mara nyingi hufa saa sita usiku kabla halijamalizwa, na dhuluma hiyo haina mchambuzi.

Malalamiko ya wachambuzi hao si mageni. Mwishoni mwa 2000, watoa huduma za intaneti walianzisha kituo cha KIXP jijini Nairobi ili data ya Wakenya ibadilishwe hapahapa, badala ya kupandishwa setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Telkom Kenya, iliyokuwa imeshikilia ukiritimba, ikalalamika kwamba inanyang'anywa haki yake, na Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Barua pepe ya kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda wa pili ikaendelea kuzungushwa ughaibuni hadi Februari 2002, kituo kilipofunguliwa tena. Kupiga simu kwa intaneti nako kulikuwa haramu miaka hiyo, kwa hoja ileile ya kumlinda mwenye nyaya. Na huyo aliyelindwa alifaidi nini? Telkom ilidorora, washindani wakanawiri.

Embu tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Mei 2024, Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku kuingizwa na kuuzwa kwa muguka, majani ya kutafuna yanayolimwa kwetu, wakulima wa Mbeere walikuja juu, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri hiyo. Barabara ni ya kupita. Mzigo halali haupaswi kuzuiwa kwa sababu tu mtu hapendi kilichomo guniani. Mbona basi tunakubali kampuni ya simu ipekue data yetu, hii iiachie, ile iitoze?

Watetezi wa kampuni za simu hulia kwamba bila kuitoza WhatsApp kampuni hizo zitafilisika na minara itaota kutu. Maskini! M-Pesa, iliyoanza 2007, sasa inaiingizia Safaricom mapato mengi kuliko simu za sauti, na hiyo data inayolaumiwa inauzwa kila siku. Mamlaka ya Mawasiliano iweke kanuni iliyo wazi: kampuni ipange bei ya megabaiti itakavyo, lakini ikishaiuza, isiulize mteja anaitumia kufanyia nini.