Fundi wa Programu Naye Alipwe Kila Mwezi



Wako wenzetu wanaouliza kwa nini chama chetu cha akiba kiendelee kuwalipa wale vijana wawili wa Bwera waliotutengenezea programu ya hesabu katika intaneti, ilhali kazi waliimaliza zamani. Sisi twasema haijaisha.

Mashine ya kuchambua pamba isipotiwa grisi husimama. Programu nayo ni hivyo hivyo. Simu za namna mpya huingia, wezi hutafuta upenyo, na kompyuta ya mbali inayotunza hesabu hulipiwa kwa dola, kazi iwepo isiwepo. Julai 2021 serikali iliweka kodi ya asilimia 12 juu ya intaneti. Vijana wenye chumba kimoja tu, karibu na mpaka wa Mpondwe, hawana tajiri wa kuwabebea mzigo huo. Wala tusiwatakie tajiri! Kasese twajua kumtegemea mmoja: shaba ya Kilembe iliposimama mwaka 1982, kazi nyingi zilikwenda nayo.

Lakini nasi tudai haki yetu. Januari 2021, intaneti ilipokatwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, wanachama tulikaa siku kadhaa bila kujua akiba yetu ni kiasi gani. Basi mkataba mpya useme nakala ya hesabu iletwe ofisini kila Ijumaa, tena hesabu zibaki mali yetu hata tukiachana nao. Wakikubali, mweka hazina awalipe mwisho wa mwezi huu, pamoja na miezi miwili tunayodaiwa.