Tusomeshe Watu wa Mazoezi ya Viungo

Mzee akipatwa na kiharusi huku Mamba, dawa hushusha presha, lakini haziurudishii mkono nguvu. Mkono huhitaji mazoezi ya kila siku chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, usipoyapata hukakamaa. Kumteremsha mgonjwa hadi Same, kisha Moshi, kila wiki, fedha ya tangawizi haitoshi nauli. Sisi wauguzi tunasema: tusomeshe vijana wetu wenyewe. Chuo kipo KCMC, Moshi. Stashahada ni miaka 3. Mwombaji wa kidato cha nne awe amefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia. Basi binti apendaye sayansi asikatishwe masomo. Ada humlemea mzazi mmoja. Jumuiya ndogo ndogo zikichangia, itapatikana. Naye akihitimu, arudi milimani.